Ziryab na udi wa nyuzi za utumbo wa simba

Wasomaji wetu wapenda ala bila shaka wamepata kuona, japo pichani, yale magitaa ya umeme yatengenezwayo machache kwa ajili ya wenye uwezo. Mwaka 1992 kiwanda cha Paul Reed Smith cha Marekani kilitoa magitaa 50 tu ya namna moja, kila moja likiwa na joka lililopachikwa shingoni mwa gitaa kwa vipande 201 vya makombe, feruzi na vinginevyo. Bei yake si ya mchezo. Atazamaye huuliza: je, kombe huimba? Feruzi huongeza nini katika sauti?

Swali hilo si geni. Aliulizwa mfano wake kijana mmoja mjini Baghdad, mbele ya Khalifa, yapata miaka 1,200 iliyopita, na jibu lake zuri ndilo lililomponza.

Kijana huyo ni Abul Hassan Ali bin Nafi, ajulikanaye kwa lakabu ya Ziryab. Ziryab ni ndege mweusi mwenye sauti tamu, naye aliitwa hivyo kwa weusi wa ngozi yake na utamu wa koo lake. Alikuwa mtu wa watumwa walioachwa huru wa nyumba ya Khalifa Al-Mahdi, na mwanafunzi wa Is-haq Al-Mawsili, bingwa wa waimbaji wa zama za Harun Rashid, aliyetawala tangu 786 hadi 809. Habari zake tumezipata hasa kwa Al-Maqqari, mwanachuoni wa Tlemcen aliyefariki mwaka 1632, naye alizinakili kwa Ibn Hayyan wa Cordoba. Twazisimulia kama zilivyopokewa.

Yasemwa kuwa Harun alimtaka Is-haq amletee mwimbaji mpya. Is-haq akamleta mwanafunzi wake, asijue kijana amefika wapi, kwani Ziryab alikuwa akijizidishia ujuzi kwa siri. Khalifa akaamuru apewe udi wa mwalimu wake. Ziryab akakataa kwa adabu, akaeleza kuwa anao wake mwenyewe ameuacha mlangoni. Akitakiwa aimbe kwa njia ya mwalimu, atautumia udi wa mwalimu. Ama akitakiwa aimbe kwa njia yake, hana budi na wake.

Ukaletwa. Khalifa akautazama, akaona udi huu na ule ni sawasawa, akauliza tofauti i wapi.

Ziryab akabainisha. Kwa macho ni sawa, lakini wake ni mwepesi kwa karibu thuluthi moja. Nyuzi zake za hariri hazikusokotwa kwa maji ya moto, kwani maji hayo huilegeza hariri. Na zile nyuzi nene zilitengenezwa kwa utumbo wa mwana wa simba, kwa kuwa hulia kwa sauti safi zaidi na hustahimili mapigo. Hakuna hata kimoja alichokitia kwa pambo. Kila kitu kigeni kilikuwa na kazi yake.

Alipoimba, Harun alistaajabu mno. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani, na Is-haq hakukubali. Walipotoka alimpa kijana hiari mbili: ama apokee mali ahame nchi, ama abaki wawe maadui. Ziryab akahama.

Njia ilikuwa ndefu. Yasimuliwa kuwa huko Kairouan, katika Tunisia ya leo, aliimba shairi la Antara lililomchukiza mtawala, akapigwa na kufukuzwa. Mwaka 822 akavuka bahari hadi Andalus, na kusikia kwamba amiri aliyemwalika, Al-Hakam, amekwisha fariki. Alitaka kurudi, lakini Mansur, mwanamuziki wa Kiyahudi aliyetumwa kumpokea, akamshikilia asubiri. Amiri mpya, Abdulrahman wa Pili, akamkaribisha Cordoba kwa mshahara wa dinari 200 kila mwezi, mbali na zawadi za sikukuu.

Huko aliendelea kuutengeneza udi. Nyuzi zilikuwa nne, nazo zilinasibishwa na tabia nne za mwili: wa njano nyongo, mwekundu damu, mweupe kohozi, na mweusi ile sauda ya matabibu wa kale. Ziryab akaongeza uzi wa tano katikati, mwekundu, uwe mahali pa roho, kwani mwili bila roho ni mzoga. Akaacha kipigio cha mti, akatumia unyoya wa tai, ambao ni laini kwa vidole na hauzichakazi nyuzi upesi. Akafungua na chuo, akafundisha wanawe wa kiume na wa kike. Alifariki Cordoba mwaka 857.

Is-haq aliibaki Baghdad na cheo chake. Ziryab alipoteza mji, lakini hakuuacha udi wake.

Mafundi wa Ulaya waliupokea udi wakauita luti, jina litokanalo na hilo hilo la Kiarabu. Na mpigaji wa udi wa taarabu hapa Mombasa, akizipiga nyuzi zake, hushika kile ambacho Waarabu mpaka leo hukiita risha, yaani unyoya, hata kikiwa cha plastiki. Basi mwenye kununua gitaa la makombe na anunue, mali ni yake. Lakini akiulizwa tofauti i wapi, awe na jibu kama la Ziryab.