Florence Mills: Mwimbaji Aliyesifiwa na Wengi

Katika somo hili tutasoma habari za Bibi Florence Mills. Alikuwa Mmarekani mweusi. Kazi yake ilikuwa kuimba, kucheza na kuigiza jukwaani. Alifariki mwaka 1927. Leo hakuna santuri yenye sauti yake. Hata hivyo tunajua alivyoimba na alivyocheza. Tunajuaje? Tunajua kwa sababu watu waliomwona na kumsikia waliandika.

1. Utoto wake

Florence alizaliwa tarehe 25 Januari, 1896, katika mji wa Washington, Marekani. Jina la baba yake lilikuwa Winfrey. Jina la Mills alilichukua baadaye kwa ajili ya kazi. Wazazi wake walizaliwa utumwani. Utumwa ulikomeshwa nchini Marekani mwaka 1865, lakini watu weusi waliendelea kuishi katika hali duni. Walibaguliwa katika shule, katika kazi na katika mahali pa starehe. Mama yake Florence alifua nguo za watu ili kupata riziki.

Florence alianza kuimba na kucheza mbele ya watu angali mtoto mdogo. Alishinda mashindano ya kucheza. Alipokuwa msichana, aliunda kikundi na dada zake wawili. Walisafiri mji hata mji. Baadaye aliimba mjini Chicago pamoja na wanawake wengine wawili. Kazi ilikuwa ngumu na malipo yalikuwa madogo. Lakini miaka hiyo ilimfundisha kazi yake vizuri. Katika safari hizo alikutana na mchezaji mmoja hodari, Ulysses Thompson, wakaoana.

2. Mchezo wenye nyimbo

Huenda msomaji atauliza: mchezo wenye nyimbo ni kitu gani? Katika ngoma ya kijijini watu husimama uwanjani, na anayetaka huingia kucheza. Katika mji wa New York mambo yalikuwa mbali na hayo. Watu walilipa kiingilio, wakakaa vitini ndani ya ukumbi mkubwa. Mbele yao palikuwa na jukwaa. Juu ya jukwaa waigizaji walisema, waliimba na kucheza, huku wapigaji wakipiga muziki.

Siku ya kwanza ya mchezo walikuja pia wahakiki. Mhakiki ni mtu ambaye kazi yake ni kutazama mchezo na kuandika gazetini kama ni mzuri au ni mbaya. Wahakiki wakiusifu mchezo, watu hufurika. Wakiukashifu, ukumbi huweza kufungwa na waigizaji wakakosa kazi. Kwa hiyo kalamu ya mhakiki ilikuwa na nguvu kubwa.

3. Jina lake lavuma

Mwaka 1921 watu weusi wanne walitoa mchezo ulioitwa Shuffle Along mjini New York. Wao wenyewe waliutunga na kuucheza. Watu wengi hawakutegemea kwamba ungefanikiwa, lakini ulionyeshwa zaidi ya mara 500. Mwimbaji mmoja mkuu wa kike alipoondoka, Florence alichukua nafasi yake. Basi jina lake likaanza kuvuma.

Wahakiki walisifu nini? Hawakusema kwamba sauti yake ilikuwa kubwa. Sauti yake ilikuwa ndogo na nyororo, na wengi waliifananisha na sauti ya ndege. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye umbo dogo. Walichosifu ni jinsi alivyoushika ukumbi mzima. Aliweza kuwachekesha watu, na mara moja baadaye akawatoa machozi. Alicheza kwa wepesi kama mtu asiye na uzito. Mwandishi mashuhuri James Weldon Johnson, ambaye naye alikuwa Mmarekani mweusi, alimweleza katika kitabu chake cha mwaka 1930. Alikiri kwamba ilikuwa vigumu kupata maneno ya kumweleza. Alisema pia kwamba hata Florence alipofanya mzaha wa mapenzi jukwaani, hakuvuka mpaka wa heshima.

4. London, mwaka 1923

Mwaka 1923 Florence na wenzake walialikwa kwenda London, Uingereza. Walipofika walikuta maneno mengi. Baadhi ya waigizaji wa Kiingereza waliogopa kunyang'anywa kazi. Baadhi ya waandishi wa magazeti waliandika kwamba watu weusi wasiletwe.

Usiku wa kwanza hali ilikuwa mbaya. Sehemu ya kwanza ya mchezo ilichezwa na Waingereza, na watazamaji hawakuipenda. Walikuwa wamekwisha kukasirika kabla watu weusi hawajatokea. Ndipo Florence akaingia. Hakupaaza sauti. Aliimba wimbo wake kwa utulivu, na ukumbi ukanyamaza. Alipomaliza, watu walimshangilia kwa nguvu. Bwana Cochran, aliyekuwa ameandaa mchezo huo, alieleza baadaye kwamba tangu hapo watu walimpigia Florence makofi kila usiku hata kabla hajaanza kuimba. Alisema hajapata kuona jambo kama hilo.

5. Sifa zenye mwiba

Hata hivyo, si kila sifa ilikuwa sifa ya kweli. Wahakiki wengine Wazungu walimsifu Florence kwa maneno ya dharau. Waliandika kana kwamba yeye na wenzake walicheza vizuri kwa sababu tu ni weusi. Hawakuona miaka mingi ya kujifunza na kutoka jasho. Tena watu weusi walipovaa vizuri na kuimba nyimbo za mapenzi kama waigizaji wengine, wahakiki hao walinung'unika. Walisema watu weusi wanaiga Wazungu. Walitaka waonyeshe maisha ya mashamba ya pamba tu.

Florence alizielewa sifa za namna hiyo. Kwa hiyo hakulewa sifa.

6. Uamuzi wake

Wakati huo mtu aliyekuwa na michezo maarufu kuliko yote mjini New York alikuwa Bwana Ziegfeld, Mzungu. Alimwita Florence ajiunge na waigizaji wake. Ilikuwa nafasi ambayo wengi waliiota, yenye fedha na heshima. Florence alikataa.

Sababu yake ilikuwa nini? Aliona kwamba akienda huko atainuka peke yake. Akibaki na wenzake, mchezo wao utakua, na watu weusi wengi watapata kazi na kuonyesha uwezo wao. Mwaka 1924 mchezo wao, Dixie to Broadway, ulifunguliwa katika eneo la kumbi kubwa za New York. Florence ndiye aliyekuwa nyota wake. Wahakiki wengi walimsifu sana.

Katika mchezo huo aliimba juu ya ndege mdogo mweusi anayetafuta furaha. Watu walidhani ni wimbo wa kufurahisha tu. Kwa Florence wimbo huo ulikuwa ombi la watu wake wote, kwamba nao watazamwe kama binadamu.

7. Kazi nyingi na kifo

Mwaka 1926 Florence aliongoza mchezo mpya ulioitwa Blackbirds. Ulianzia Harlem, mtaa wa New York walimokaa watu weusi wengi. Kisha ukaenda Paris, Ufaransa, na baadaye London. Huko London watu walijaa usiku baada ya usiku. Hata mtoto wa mfalme, aliyekuwa mrithi wa ufalme wa Uingereza, alikwenda kuutazama mara nyingi.

Lakini mwili una kikomo chake. Florence alicheza zaidi ya mara 300, akapumzika kidogo sana. Kila usiku watu walitaka aimbe tena, naye aliwaridhisha. Mwaka 1927 alikuwa amechoka na kuugua. Alirudi nyumbani New York, akapelekwa hospitali na kupasuliwa. Alifariki tarehe 1 Novemba, 1927. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Mazishi yake yalifanyika Harlem. Maelfu ya watu waliingia kanisani, na wengine wakajaa njiani kumwaga. Ilikadiriwa kwamba umati ulizidi watu 100,000. Walikuwako watu mashuhuri, na walikuwako wafuaji nguo na wapishi. Baadaye mwanamuziki mkubwa Duke Ellington alitunga muziki wa kumkumbuka. Mwanamuziki mmoja wa Uingereza, Constant Lambert, naye alifanya hivyo.

8. Tunajifunza nini?

Florence Mills alisifiwa na watu wakubwa wa nchi tatu. Sifa zingeweza kumtenga na wenzake. Yeye alizitumia kuwafungulia njia. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka.

Jambo la pili ni hili. Sauti yake imepotea, wala hatutaisikia kamwe. Kilichobaki ni maandishi ya wale waliomsikia. Mengine yana haki, na mengine yana dharau. Anayejua kusoma anaweza kuyapima yote mawili na kuamua mwenyewe. Ndugu msomaji, hata katika kijiji chako wako waimbaji na wapiga ngoma hodari. Wengine ni wazee. Je, nani ameandika habari zao? Sasa wewe unajua kuandika. Chukua kalamu kabla hawajatutoka.

Maswali

1. Florence Mills alizaliwa mwaka gani, na wapi?
2. Mhakiki ni mtu wa kazi gani?
3. Kwa nini watazamaji wa London walikuwa wamekasirika usiku wa kwanza?
4. Kwa nini Florence alikataa mwito wa Bwana Ziegfeld? Je, wewe ungefanyaje?
5. Jadilianeni darasani: sifa yenye dharau ni sifa ya namna gani? Toeni mfano.
6. Andika sentensi tano juu ya mwimbaji au mpiga ngoma mmoja wa kijiji chako.