Bibi Maria Sibylla Merian na Buibui wa Mwituni

Katika mji wa Frankfurt, nchi ya Ujerumani, alizaliwa mtoto mwanamke mwaka wa 1647, akaitwa Maria Sibylla. Baba yake, Matthäus Merian, alikuwa fundi wa kuchora picha na kupiga chapa vitabu. Maria alipokuwa na umri wa miaka mitatu baba yake alikufa, na mama yake akaolewa na mchoraji wa maua. Baba huyo wa kambo ndiye aliyemfundisha Maria kazi ya rangi na kalamu.

Zamani zile watu wengi walidhani ya kuwa wadudu huzaliwa na tope na vitu vilivyooza. Maria hakuridhika na maneno ya kusikia. Alipopata miaka 13 alianza kufuga viwavi wa hariri, akawapa majani, akawatazama kila siku. Aliona jinsi kiwavi anavyojisokotea kifuko cha nyuzi na kulala ndani yake, hata siku zake zikitimia hutoka hali amekuwa nondo mwenye mabawa. Kila alichokiona alikichora na kukiandika, na desturi hiyo hakuiacha maisha yake yote. Aliolewa, akazaa binti wawili, na mwaka wa 1679 na wa 1683 akatoa vitabu vya habari za viwavi.

Baadaye alihamia Amsterdam, katika Uholanzi. Huko matajiri walikuwa na makabati yaliyojaa vipepeo wakavu walioletwa kutoka Suriname, nchi ya Amerika ya Kusini iliyotawaliwa na Waholanzi. Bibi Maria aliwatazama, lakini mdudu mkavu hawezi kumwonyesha mtu chakula chake wala kiwavi aliyetokana naye. Basi aliazimu kwenda mwenyewe. Akauza picha zake, akaandika wosia wake, na mwaka wa 1699 akapanda merikebu pamoja na Dorothea, binti yake mdogo. Alikuwa na umri wa miaka 52.

Walipofika Suriname, Wazungu wenye mashamba ya miwa walimcheka, maana wao hawakutafuta kitu ila sukari. Na kazi ya sukari ilifanywa na watumwa waliotolewa Afrika kwa nguvu, wakatendewa ukatili mwingi. Watumwa hao, pamoja na wenyeji wa asili wa nchi ile, ndio waliomsaidia Bibi Maria kupita mwituni, wakamletea wadudu na kumweleza matumizi ya mimea. Yeye hakuyaandika majina yao katika kitabu chake, ingawa pasipo wao kazi yake isingaliwezekana.

Juu ya mipera alikuta buibui wakubwa, weusi, wenye manyoya mwili mzima. Akamchora mmoja akila ndege mdogo sana, wa jamaa ya wale wanyonyao maua kama chozi wa kwetu. Lakini joto na homa vilimdhoofisha, hata mwaka wa 1701 ikambidi kurudi. Mwaka wa 1705 alitoa kitabu kikubwa chenye picha 60, na picha ya buibui yule ilikuwamo. Akafa Amsterdam mwaka wa 1717.

Mwaka wa 1758 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliwapa wanyama majina mawili mawili: la kwanza ni la ukoo, la pili ni la aina yenyewe. Buibui yule alimwita Aranea avicularia, akiitaja picha ya Bibi Maria kuwa ushahidi. Jina la pili latokana na neno la Kilatini lenye maana ya ndege mdogo. Linnaeus aliwahesabu buibui pamoja na wadudu. Wataalamu wa baadaye waliwatenga, kwa kuwa mdudu ana miguu sita, na mwili wake una sehemu tatu. Buibui ana miguu minane, na sehemu za mwili wake ni mbili.

Hata hivyo wengi walikataa kusadiki ya kuwa buibui aweza kula ndege. Mwaka wa 1834 Mwingereza mmoja, William MacLeay, aliyekuwa akikaa Kuba, aliandika kwamba habari ile si kweli, kwa sababu buibui wakubwa aliowachunguza waliishi katika mashimo ya ardhini. Kosa lake lilikuwa hili: alipima buibui wa mitini kwa tabia za buibui wa mashimoni.

Kisha Henry Walter Bates, aliyesafiri katika misitu ya mto Amazon tangu mwaka wa 1848 hata 1859, alimkuta buibui wa namna ile juu ya shina la mti. Ndege wawili wadogo walikuwa katika utando wake, mmoja amekwisha kufa, wa pili yu karibu kufa chini ya mwili wa buibui. Habari hizo alizipiga chapa mwaka wa 1863. Kweli ikidhihiri, uwongo hujitenga.

Si kwamba Bibi Maria hakukosea kamwe. Katika picha ile ile alichora kiota cha ndege yule chenye mayai manne, na kwa kawaida hutaga mawili tu. Tena chakula cha buibui hao kwa siku nyingi ni wadudu; ndege hupatikana mara chache. Lakini jambo lile kubwa alilochekewa lilikuwa kweli.

Mwaka wa 2017, miaka 300 kamili baada ya kufa kwake, wataalamu wawili waliupanga upya ukoo wa buibui hao. Walilinganisha manyoya, miguu na viungo vyao vya uzazi, wakaona ya kuwa majina mengi yaliyotolewa zamani hayafai, wakabakiza aina 12 tu. Mojawapo, ya nchi ya Peru, ilikuwa haijapata jina bado. Wakaiita Avicularia merianae, kwa heshima ya Bibi Maria Merian.

Nanyi wanafunzi, mkimwona mdudu njiani msimponde upesi. Mtazameni kwanza, hesabuni miguu yake, mkaandike mlichokiona kwa macho yenu.