Gertrude Elion na safari ya kuelekea AZT

Gertrude Elion alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1918. Babu yake alipofariki kwa saratani, binti huyo wa miaka 15 aliazimia kutafuta tiba. Maabara kadhaa zilimkataa kwa kuwa mwanamke, hadi Burroughs Wellcome ilipomwajiri mwaka 1944. Masomo ya uzamivu aliyakatiza, kwani chuo kilimtaka aache kazi. Aliunda molekuli zinazofanana na vijenzi vya DNA. Virusi vikizitumia, hushindwa kuzaliana. Alistaafu mwaka 1983. Timu aliyoifunza, pamoja na watafiti wa serikali, ilifuata njia hiyo hiyo na kuitambua AZT, dawa ya kwanza ya VVU, iliyoidhinishwa mwaka 1987. Mwaka uliofuata alitunukiwa Nobeli, uzamivu ule hajawahi kuukamilisha. Alifariki mwaka 1999.