Mtihani nao Utahiniwe

Mwaka 1876 kijana mmoja wa London, Robert Baden-Powell, alikataliwa na Chuo cha Balliol huko Oxford. Mwaka uo huo alifanya mtihani wa kuingia jeshini, akashika nafasi ya pili katika orodha ya wapandafarasi, na akapewa uafisa bila kupitia chuo cha kijeshi. Kijana alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni kipimo. Mimi, mwalimu wa hapa Nyeri alikozikwa, naona maisha ya mtu huyu yana funzo kwetu sisi tunaotunga mitihani na kwa wanafunzi wanaoifanya.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1857, na babake akafariki yeye akiwa na umri wa miaka 3. Jeshi lilimpeleka Bara Hindi, kisha Afrika. Tusimpake rangi ya malaika: mwaka 1896, katika vita vya Matabele, aliidhinisha kiongozi aliyeitwa Uwini apigwe risasi, na Mafeking ilipozingirwa kwa siku 217, kuanzia 1899 hadi 1900, Waafrika walipata mgao duni kuliko Wazungu. Uingereza ikamshangilia kama shujaa hata hivyo.

Mwaka 1907 aliwapigisha wavulana kambi katika kisiwa cha Brownsea, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kilichoanzisha Skauti. Humo alipanga majaribio kwa madaraja. Skauti wa daraja la pili alitakiwa awashe moto kwa njiti zisizozidi 2 na aende maili moja kwa dakika 12. Wa daraja la kwanza, pamoja na mengine, aogelee yadi 50. Ilikuwa ngazi: aliyefika juu alichukuliwa kuwa amezipanda vidato vya chini.

Mwaka 1938 alihamia Nyeri, katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu kwenye Hoteli ya Outspan. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akazikwa mahali panapoelekea Mlima Kenya.

Baada yake, wataalamu waliuliza: tutajuaje kuwa ngazi ya maswali ni ngazi kweli? Mwaka 1944 Louis Guttman alieleza ngazi kamili, ambamo anayeweza swali gumu huyaweza yote yaliyo mepesi kuliko hilo. Mwaka 1971 Mholanzi Robert Mokken akailegeza kanuni hiyo, kwa kuwa binadamu huteleza. Mbinu yake ni miongoni mwa zile zisizo za kiparameta, yaani zisizolazimisha majibu yafuate umbo fulani la mchoro. Hudai jambo jepesi: kadiri ujuzi unavyopanda, uwezekano wa kujibu swali sawasawa usishuke.

Mwalimu wa Karatina au Othaya aweza kuanza kwa kalamu na karatasi. Achukue swali moja, aondoe alama zake katika jumla, awapange wanafunzi kwa alama zilizosalia, kisha awagawe makundi matatu: la chini, la kati na la juu. Ahesabu ni sehemu gani ya kila kundi iliyolipata swali hilo. Ikiwa kundi la juu limeshindwa kuliko la chini, swali lishukiwe kabla ya mtoto: pengine jibu la mtahini ni kosa, au maneno yana maana mbili. Darasa dogo laweza kuhadaa kwa bahati tu. Kwa hiyo yafaa shule kadhaa za Tetu, Mathira na Mukurweini ziunganishe majibu yao.

Lipo sharti jingine zito zaidi, kwamba mpangilio wa ugumu uwe mmoja kwa watahiniwa wote. Mtoto aliyelelewa Lamu yamkini ataona kuogelea yadi 50 ni mchezo. Wa Nyeri, ambako mito ni baridi, huenda akaona kuwasha moto ndio mchezo. Kwa hao wawili vidato vimepinduana. Ukiwapa alama kwa ngazi moja, wadhani unapima juhudi, kumbe unapima mahali walikozaliwa.

Hili si jambo dogo. KCPE, iliyofanywa tangu 1985 hadi 2023, iliamua mtoto gani aende shule ya kitaifa na yupi abaki jirani na kwao, pengine kwa tofauti ya alama chache. KCSE, iliyoanza 1989, nayo imefungua na kufunga milango ya vyuo vikuu. Na sasa, katika mtaala wa umilisi, mwalimu mwenyewe hutoa tathmini zinazowekwa katika kumbukumbu za mtoto.

Baden-Powell alifunguliwa mlango wa pili mwaka ule ule wa kwanza ulipofungwa. Watoto wengi wa Mlima Kenya hawana mlango wa pili. Kwa hiyo, walimu wenzangu, kabla ya kumwita mtoto mjinga, tulitahini kwanza swali lililomwangusha.