Mwami Musinga na Urithi Uliobaki Ugenini

Jina la Mibirizi, katika wilaya ya Rusizi, lajulikana kwa misheni iliyoanzishwa mwaka 1903 na kwa aina ya kahawa iitwayo kwa jina hilo. Lakini si mbali na hapo, Kamembe, aliwahi kukaa mfalme aliyenyang'anywa ufalme wake. Huyo ndiye Yuhi wa Tano Musinga, ambaye leo twawaletea maisha yake, ndugu askari na polisi.

Mwaka 1896 wapiganaji wa Rwanda waliwashambulia askari wa Dola Huru ya Kongo waliopiga kambi Shangi, kando ya Ziwa Kivu. Mikuki ilishindwa na bunduki, na jemadari Bisangwa akauawa. Mwami Rutarindwa akapoteza nguzo yake. Mwaka huohuo, huko Rucunshu, Kanjogera na nduguye Kabare walimpindua wakamtawaza Musinga, mwana wa Kanjogera, angali mdogo.

Musinga alitawala chini ya Wajerumani, kisha, tangu 1916, chini ya Wabelgiji. Alikataa kubatizwa, akashikilia mila za jumba lake. Mnamo Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa wakamweka mwanawe, Rudahigwa. Mzee akapelekwa Kamembe, na mwaka 1940 akavushwa hadi Moba, Kongo, alikofia mwaka 1944, mbali na makaburi ya wazee wake.

Si mwili wake tu uliobaki ugenini. Mwaka 1907 msafara wa Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulimpiga picha yeye na watu wake. Jan Czekanowski, aliyekuwa katika msafara huo, alinasa sauti za nyimbo katika mitungi ya nta, nayo ikapelekwa Berlin. Zama za Rudahigwa zilipofika, wacheza ngoma wa Rwanda walionekana katika sinema ya Kimarekani ya mwaka 1950, King Solomon's Mines. Waliopiga picha walirudi kwao na mali yao. Jamaa za waliopigwa wakabaki na masimulizi.

Hata hivyo, kilichokwenda chaweza kurudi. Mwaka 2021 Ubelgiji iliikabidhi Rwanda nakala za nyimbo za zamani zaidi ya 4,000. Filamu nazo zastahili kutafutwa vivyo hivyo, na kwa haraka, kwa sababu filamu huoza. Nyingi za kabla ya mwaka 1951 zilitengenezwa kwa naitreti, ambayo hushika moto upesi. Nyingine zinapoharibika hutoa harufu ya siki.

Kwa hiyo twawasihi ninyi mnaoingia maghalani na katika nyumba zilizohamwa: mkikuta kopo la bati lenye utepe wa filamu, msilitupe wala kulichoma. Liwekeni penye baridi, mbali na moto, mkaarifu wahifadhi wa nyaraka za taifa. Huenda ndani yake mna uso wa babu ambao wajukuu zake hawajapata kuuona. Kulinda nchi ni pamoja na kulinda kumbukumbu zake.