Mahalanobis, mwanafizikia aliyegeuka mshauri wa watafiti

MATOKEO ya sensa ya 2009 yalipotangazwa mwaka uliofuata, wengi hawakuamini walichosikia kuhusu Kibera. Kwa miaka mingi mashirika, wageni na hata baadhi ya wasomi walikuwa wamerudia kwamba mtaa huo wa mabanda jijini Nairobi una watu milioni moja au zaidi. Sensa ilihesabu watu 170,070. Ubishi ulizuka, lakini swali lenyewe lilikuwa la kitaaluma: ile milioni ilihesabiwa na nani, lini na kwa njia gani?

Swali la aina hiyo lilimshughulisha kwa zaidi ya nusu karne Prasanta Chandra Mahalanobis, Mhindi ambaye hakusomea takwimu darasani hata siku moja, ila akaishia kuwa mshauri wa takwimu wa vyuo vikuu, serikali na hatimaye Umoja wa Mataifa.

Alizaliwa Juni 29, 1893 mjini Calcutta, jiji ambalo leo huitwa Kolkata. Alisomea fizikia katika Chuo cha Presidency, ambako Jagadish Chandra Bose alikuwa miongoni mwa walimu wake, kisha akaelekea Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1913. Huko alijuana na bingwa wa hisabati, Srinivasa Ramanujan. Mnamo 1915, akingoja meli ya kumrudisha nyumbani kwa likizo, mwalimu mmoja alimwonyesha majalada ya jarida la takwimu liitwalo Biometrika. Aliyanunua na kuyasoma safarini. Likizo hiyo iligeuka makao, kwani alipata kazi ya kufundisha fizikia katika chuo kilekile cha Presidency.

Sifa zake zilienea kupitia shida za wenzake. Mnamo 1917 msomi Brajendranath Seal alimwomba amsaidie kuchanganua matokeo ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Calcutta. Miaka mitatu baadaye mtaalamu wa wanyama, Nelson Annandale, alimkabidhi vipimo vya miili ya wakazi wa Calcutta waliochanganya damu ya Kihindi na ya Kizungu. Makala yake ya kwanza ya takwimu, iliyotoka 1922, ilitokana na kazi hiyo, na katika njia hiyohiyo alifikia mwaka wa 1936 kipimo cha umbali kati ya makundi ambacho hadi leo kinabeba jina lake. Chumba chake cha fizikia kiligeuka maabara ya takwimu ambako wataalamu wa mafuriko, kilimo na elimu walibisha hodi. Desemba 17, 1931, maabara hiyo ilizaa Taasisi ya Takwimu ya India.

Lililomtofautisha na wanahisabati wengine ni kwamba aliwajali makarani wanaokusanya habari. Kuanzia 1937 alipewa jukumu la kukadiria eneo la mashamba ya juti, mmea wa kutengenezea magunia, katika jimbo la Bengal. Badala ya kupima kila shamba, alichagua viwanja vichache kwa bahati nasibu, akaanza na uchunguzi mdogo wa majaribio ili kujua gharama na ukubwa wa makosa. Kisha akatumia hila rahisi: makundi mawili ya makarani yalitumwa katika eneo moja, kila moja na sampuli yake. Majibu yakikaribiana, kuna sababu ya kuyaamini. Yakipishana mno, kosa limejulikana kabla halijafika mezani kwa waziri.

Hila hiyo ingefaa sana katika mitaa yetu. Mtafiti anayegonga milango Kawangware saa nne asubuhi hatawakuta vibarua wa mijengo wala akina mama waliokwenda kufua Lavington. Atawahoji waliobaki, kisha ataandika kwamba hayo ndiyo maoni ya Kawangware. Aidha, ploti yenye lango moja huweza kuwa na vyumba kumi, kila chumba na familia yake, na asiye na orodha ya vyumba atahesabu lango. Mwanatakwimu akiletewa hojaji zilizokwisha jazwa hivyo, kompyuta haitamsaidia kitu. Ronald Fisher, Mwingereza aliyeongoza kongamano la takwimu Calcutta mwaka wa 1938, aliwaeleza wanasayansi waziwazi kwamba kumwita mwanatakwimu baada ya jaribio kwisha ni kumwita aipasue maiti.

Madhara yake si ya vitabuni. Tuseme wagonjwa 1,000 wa kuhara wameandikishwa Kibera. Kati ya watu milioni moja, huyo ni mmoja kwa kila elfu. Kati ya 170,070, ni karibu sita. Mpangaji wa vyoo na zahanati atafanya uamuzi tofauti kabisa.

Baada ya sensa hiyo ya 2009, wataalamu wa takwimu nchini walichagua maeneo 5,360 ya kufanyia tafiti za kitaifa, wakayagawa katika sampuli ndogo nne zilizo sawa. Mahalanobis angeutambua mpangilio huo bila kuelezwa.

Hakukosa wa kumpinga. Mpango wa pili wa maendeleo wa India, wa 1956 hadi 1961, uliofuata mawazo yake, ulilaumiwa kwa kupendelea viwanda vizito na kusahau kilimo, na lawama hizo zilikuwa na msingi. Lakini utafiti wa sampuli wa kitaifa alioasisi 1950 uliendelea, na kituo cha mafunzo kilichofunguliwa Calcutta mwaka huohuo kilipokea wanafunzi kutoka Asia na Afrika.

Alifariki Juni 28, 1972, ikisalia siku moja atimize miaka 79. Tangu 2007, India huadhimisha siku yake ya kuzaliwa kuwa Siku ya Takwimu.