Malpighi na Vinundu vya Mwaloni

Wasomaji wengi wa gazeti letu wanalijua jina la Marcello Malpighi kwa ajili ya mishipa ya damu. Mimi napenda kuwaelezeni jambo lake jingine, ambalo kwetu Dindira lina maana kubwa.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1628 huko Crevalcore, karibu na mji wa Bologna, Italia. Alipokuwa na miaka 21 wazazi wake wote wawili walifariki, ikambidi aache masomo kwa muda ili awatunze wadogo zake. Hata hivyo alirudi, akawa daktari mwaka 1653. Mwaka 1661 alitazama mapafu ya chura kwa hadubini, akaviona vimishipa vyembamba mno vinavyounganisha ateri na vena.

Kisha akageukia mimea. Huko Ulaya mwaloni huota vinundu vigumu kama gololi, na siku zile wino wa kuandikia ulitengenezwa kwa vinundu hivyo. Ukivipasua, ndani mna funza. Je, wametoka wapi? Hata Francesco Redi, ambaye mwaka 1668 alikwisha kuonyesha kuwa funza wa nyama iliyooza hutokana na mayai ya nzi, alidhani hawa wa vinundu huzaliwa na mti wenyewe. Malpighi hakutaka kubahatisha. Alikata vinundu vya kila namna, akamkuta nyigu mdogo juu ya chipukizi la mwaloni akitaga, akaona kwamba mayai yaliyomo mtini ni sawa na yaliyomo tumboni mwa mdudu. Habari hizo zilipigwa chapa London mwaka 1679. Alidhani majimaji ya mama mdudu ndiyo yanayouvimbisha mti. Siku hizi yajulikana kuwa kazi kubwa hufanywa na funza mwenyewe.

Mwaloni sijauona Dindira, bali mikaratusi tunayo. Mwaka 2002 nyigu mwingine, asili yake Australia, alionekana Kenya na Uganda, na baadaye akaingia Tanzania. Urefu wake haufiki milimita 2. Miche ya baba, anayoitegemea kwa nguzo na kwa matumizi yangu ya shule, imejaa vinundu kwenye vikonyo vya majani. Majirani husema ni udongo. Likizo ijayo nitavipasua mbele yao.

Mwaka 1684 nyumba ya Malpighi iliungua, zikateketea hadubini zake na maandishi ya miaka mingi. Wapinzani nao walinena kuwa kuchungulia vitu vidogo hakumponyi mgonjwa yeyote. Yeye aliendelea kuchungulia. Alifariki Roma mwezi Novemba 1694, akiwa daktari wa Papa Innocent XII, akazikwa Bologna.